Msimamizi wa Zamani Kwenye Bustani

Jumatano, 6 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, mafua ya shemeji yako yamepoa. Wewe na wanao mnaendeleaje?

Saluni hufungwa Jumatatu, na siku hiyo mimi huenda kupumzika kwenye bustani kubwa ya jiji. Kuna vivuli, bwawa la samaki wekundu, na utulivu usioupata kwingine mjini. Juzi nilikaa benchi moja na mzee na mkewe. Katika maongezi mzee akasema alikuwa msimamizi wa kiwanda cha mbao, akakitaja kiwanda chenu. "Namshukuru Mungu," akasema, "nimestaafu bila kumwumiza mtu."

Ni yeye, kaka. Ndiye aliyeondoa kinga ya msumeno ili kazi iende mbio, halafu akaapa mbele ya wakubwa kwamba uliiondoa wewe. Mkono wako wa kulia ukaenda, kazi nayo ikaenda. Nilitabasamu, nikamuuliza kama huja kila Jumatatu. Huja.

Nimfanyeje?

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Tu wazima, watoto wanakula kama nzige.

Usimwambie lolote. Mzoee. Mchekee, muulize habari za wajukuu, akuone mtu wake. Tangu siku ile nimejifunza kufunga shati kwa mkono mmoja, na kila kifungo namtaja yeye. Dawa ya moto ni moto. Nikipata wa kunishikia duka, nitakuja.

Mkewe awepo.

Kaka yako


24 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Natumaini ulifika nyumbani salama na mgongo haukukusumbua njiani.

Bado namwona mzee alivyosawijika pale bustanini ulipomnyooshea kigutu na kusema, "Msimamizi, nisalimie." Akakitazama tu. Mkewe ndiye aliyekipokea kwa mikono yote miwili, akauliza, "Mwanangu, ulipatwa na nini?" Nilidhani utamweleza mwenyewe. Kumbe ukamgeukia mumewe: "Mwambie wewe. Ukikosea nitakusahihisha." Na ulimsahihisha, mpaka watu wa benchi la pili wakageuka kusikiliza.

Jumatatu hii yule mkewe alikuja peke yake. Amehamia kwa binti yao. Akaniambia, "Miaka yote alinisimulia habari za kijana mzembe aliyejikata mwenyewe. Nami nilikuwa nacheka." Mzee haonekani tena bustanini. Nilidhani nitamhurumia. Sikumhurumia.

Wewe je, umeshiba?

Mdogo wako


5 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku salama, mvua tu imetuzidi. Msalimie shemeji.

Hapana, sijashiba. Asubuhi hii yule mzee amekuja hapa kwangu, amelowa chapachapa. Anasema akiwa nje ya mlango kwamba mkewe hataki kumwona mpaka aende kiwandani akaseme kweli mbele ya wakubwa. Yuko tayari kwenda. Anaomba kwanza nimsamehe.

Binti yangu mkubwa ameuliza, "Baba, nimfungulie?" Nimemwambia mgeni huyo ni wangu.

Kiwandani tutakwenda wote wawili, na nitasimama ubavuni mwake mpaka amalize neno la mwisho. Msamaha aombe akitaka, mimi sina wa kumpa.

Anabisha hodi tena. Nitafungua nikimaliza kukuandikia, na mkono wa kushoto, unaujua, hauna haraka.

Kaka yako