Mchanga Mwenye Mvi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na maumivu ya mgongo yamepungua tangu uliponiandikia kwamba ukikaa kwenye cherehani asubuhi, jioni unainuka vipande vipande. Mama hajambo? Shemeji naye, kile kikohozi kimekwisha au bado anakificha asipelekwe hospitali? Mimi mwili sijambo. Hilo naliweka mwanzoni ili usisome yanayofuata ukiwa umeshika kifua.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, mkoba begani, nikaisoma tena nilipokaa. Umeandika kwamba mwanetu, huyo tuliyembandika jina la Kwanini, amepata nafasi ya shahada ya pili hapa chuoni, kwenye maabara yangu mimi, na ufadhili juu yake, na kwamba nyumba nzima hailaliki kwa nyimbo zake. Umesema ameshaanza kufunga nguo, na kwamba akiondoka utahamishia cherehani chumbani kwake upate mwanga wa dirisha lile. Kisha ukaniuliza swali moja ukalipigia mstari: umruhusu aje? Ukaongeza kwamba mama mdogo wake ndiye akijuaye chuo hiki kwa ndani, na atakalosema ndilo litakalokuwa. Niwie radhi kwa kuchelewa. Nilianza kukujibu mara kadhaa nikachana. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nimekaa ndani ya mtungi huu miaka kumi na moja, kwa hiyo nivumilie nikianzia mbali.

Unakumbuka mlivyonicheka nilipopata kazi hii. Mama amepigana na fukusi maisha yake yote, anaanika kunde, anapepeta, anachanganya na majivu, halafu bintiye akasomeshwa mpaka mwisho wa masomo ili aajiriwe kuwalisha. Shemeji akanibatiza Mama Fukusi, na jina likashika. Ni kweli nawafuga. Nina rafu tatu za chupa za kioo zilizofungwa chachi mdomoni, na fukusi waliomo ni uzao wa wale niliowatoa kwenye gunia la mama nilipokuwa mwanafunzi. Nawalisha, nawahesabu, natenga wanaozaliwa, ili nijue kwa nini wanazitoboa kunde zote za dunia lakini zile ndogo nyeusi za mama wanazipita. Nusu ya jibu nimeshaipata na imechapishwa kwenye majarida. Nusu nyingine bado imo kwenye chupa.

Sasa nikueleze neno moja la huku. Mtafiti ambaye hajapewa ajira ya kudumu huitwa mtafiti mchanga. Umri hautazamwi. Niliingia mchanga kwa mkataba wa mwaka mmoja, ukarefushwa nikiwa mchanga, ukarefushwa tena, miwani ya kusomea ikanikuta mchanga, na mvi zimeniotea papo hapo kwenye uchanga wangu. Mtoto wa kawaida hukaa, akatambaa, akasimama dede, akatembea. Sisi tunasimama dede mwaka hata mwaka, tumeshika ukuta, na ukuta wenyewe ni mkataba. Ndiyo maana hujawahi kuona kabati nyumbani kwangu. Kila nikitaka kununua najiambia ngoja kwanza nione kama nitakuwepo mwakani.

Mwaka juzi chuo kilitangaza Mpango wa Malezi ya Watafiti Wachanga. Sitakudanganya kwamba niliubeza, nilifurahi. Nilidhani hatimaye kuna mtu ametuona. Tulikusanywa kwenye ukumbi wenye viti vya kitambaa, kila mmoja akavikwa beji kifuani, yangu imeandikwa Mchanga kwa herufi kubwa, na msichana aliyekuwa akizigawa aliniuliza kwa adabu kama mama nimekuja kumsindikiza mtu. Mwezeshaji alitufundisha kuvuta pumzi. Alitutaka tuchore mto wa maisha yetu, kisha tuandike kwenye karatasi kinachotuzuia kusonga mbele na kuitumbukiza sandukuni. Alipozifungua karatasi zote zilisema mkataba. Alizitazama kidogo, akasema siku ile tungejikita katika mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu, na tukarudi kwenye pumzi.

Nilikuwa na jirani meza ya pili, bwana mmoja mpole anayetafiti kuvu, mchanga kama mimi, ana watoto wawili sekondari. Yeye ndiye aliyekuwa akinichekesha kwenye semina hizo. Alisema kwa pumzi tulizovuta tungeweza kupuliza moto wa kulisha kijiji. Jumatatu moja nilimkosa. Mezani aliacha birika lake la umeme na kikaratasi kwamba nilichukue. Nasikia siku hizi anauza bima. Birika ninalo, na kila likichemka naudhika.

Mpango ulimpa kila mchanga mlezi wake, yaani mtu aliyeshika ajira ya kudumu atakayemwongoza. Mimi nilipewa kijana niliyemfundisha mwenyewe. Mkono huu ndio uliomwonyesha namna ya kushika kibano asimponde mdudu. Alikwenda kusoma ng'ambo, akarudi wakati nafasi moja imefunguka, akaipata, na sikatai kwamba aliistahili. Siku ya kwanza nilipoingia ofisini kwake aliinuka anipishe kiti chake, nikakataa, tukazungumza saa nzima tumesimama kama watu wa foleni. Yeye aniita mwalimu, nami kwenye fomu ya mpango namwandika mlezi wangu. Nilimtania kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, basi kama malezi yake yatanishinda ajilaumu mwalimu wake. Alicheka kwa heshima tu. Ni mtu mwema, dada. Kila alichoweza alinifanyia, na alichoweza kilikuwa kidogo.

Miezi michache iliyopita mkuu wa idara aliniomba niwe mmoja wa wasomaji watatu wa maombi ya awamu ya pili ya mpango. Alisema awamu hii italeta damu mpya, vijana watakaosoma shahada ya pili huku wakitafiti. Kila mwombaji aliandika ukurasa mmoja kueleza kwa nini anataka utafiti, na majina yalikuwa yamefichwa. Nilisoma kurasa nyingi zilizotaka kuendeleza jamii na kuwa chachu ya mabadiliko, mpaka nikafika kwenye mmoja ulioanza na bibi mmoja na gunia lake la kunde. Bibi huyo, ukurasa ulisema, alimwambia mjukuu wake kwamba fukusi huziogopa zile nyeusi kwa sababu zina kiburi. Mjukuu hakuridhika, akauliza kwa nini kunde iwe na kiburi, akafukuzwa jikoni.

Sikuhitaji jina. Nilicheka peke yangu maabara nzima, kisha nikalia kidogo, maana hakuniambia kwamba anaomba. Najua alivyo, alihofia asipopata aibu itakuwa yetu wote. Nilikwenda kwa mkuu nikamweleza kwamba huyu ni mwanangu na mimi nisihusishwe. Akasema wasomaji wenzangu wawili wameshamweka wa kwanza na alama yangu haitabadili kitu, niiache. Ndivyo nilivyofanya. Lakini wewe nakwambia, hata ungekuwa ukurasa wa mtoto wa adui yangu ningeuweka juu. Wiki ile nilitembea kama niliyeajiriwa upya. Nikamnunulia koti jeupe la maabara, nikalitundika kwenye msumari karibu na langu.

Koti lilikuwa bado na mikunjo ya dukani mlezi wangu aliponiita. Alifunga mlango. Aliniambia amepigana kikaoni na ameshindwa, na kwamba haikuwa haki nisikie kwa mwingine. Awamu ya pili imebadilisha maana ya mchanga. Tangu sasa mchanga ni aliye chini ya miaka thelathini na mitano. Sisi wakongwe wa uchanga mikataba yetu ikiisha haitarefushwa, na fedha zake ndizo zitakazowalipa hao wapya. Nilimuuliza nafasi yangu imekwenda kwa nani. Aligeukia dirishani, akasema ni nafasi ya fukusi, na ya fukusi ni moja tu.

Hilo ndilo lililonifanya nichane barua zote zile. Nafasi aliyopata mwanetu ni yangu, dada. Anayeniondoa ni Kwanini, na yeye mwenyewe hajui.

Nilimuuliza mlezi kama mimi si mchanga tena, basi ni nani. Pengine mkomavu? Akasema kwenye waraka hakuna neno la watu kama sisi. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba idara inaniomba mwezi wangu wa mwisho nimfundishe atakayekuja. Kisha machozi yakamtoka, mwanaume mzima na kiti chake cha kudumu, ikabidi nimbembeleze. Nilimpigapiga bega nikamwambia yataisha, huku najua yangu ndiyo yanayoisha.

Ulinilea kusema kweli, kwa hiyo nitaisema. Jioni ile nilirudi maabara nikaliona lile koti jeupe msumarini na nikalichukia. Nilimwonea wivu mtoto niliyemvisha viatu vya kwanza. Haukudumu, lakini ulikuwepo, na tangu hapo siuamini moyo wangu. Nikikwambia asije, sitajua kama aliyesema ni mapenzi au ni wivu. Nikikwambia aje, najua anakokuja. Watampenda, dada, maana ana akili kunizidi mimi na huyo mlezi wangu. Watampa beji na kumfundisha kuvuta pumzi. Atazipenda chupa zile, atawapa wadudu majina, atapata robo nyingine ya jibu. Kisha siku atakayotimiza umri walioandika kwenye waraka, ataletewa mtoto wa mtu mwingine amfundishe.

Nimetafuta wa kumlaumu nimekosa. Mkuu wa idara ana barua kutoka juu, na wa juu naye ana ya kwake. Ningemwona mwizi ningepiga yowe watu wakakusanyika. Huku kila mtu amenipa pole, na wote wanamaanisha. Nimekata tamaa. Siandiki hivyo ili unipoze, nimechoka tu kuwaandikia kila mwaka kwamba mambo yanaelekea vizuri. Hayajawahi kuelekea popote.

Kwa hiyo swali lako nimeshindwa nalo, nakurudishia. Wengi wameitwa walezi wangu kwenye fomu, lakini aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga kweli ni wewe, na wewe ulikuwa mtoto pia. Amua wewe. Ukitaka kumweleza habari ya nafasi hii, mweleze. Ukinyamaza, nitanyamaza, na nitamfundisha mwezi mzima bila uso wangu kubadilika. Koti lake liko tayari. Mwambie fukusi wasikose chakula wala wasipigwe jua, na chupa ya rafu ya juu yenye uzi mwekundu ndiyo chimbuko la ukoo wote wa gunia la bibi yake. Hiyo ikifa, kazi inaanza upya.

Limebaki langu, na nimelizunguka tangu mstari wa kwanza. Nyumba ninayoishi ni ya chuo. Mkataba ukiisha narudisha funguo, na sina kwingine. Narudi nyumbani, dada. Najua umeshaupangia kazi mwanga wa dirisha lile, na mgongo wako unauhitaji, lakini nakuomba usihamishe cherehani kwanza. Akija huku, kitanda chake kiache kama kilivyo, nitakilalia mimi. Akibaki, tutalala mzungu wa nne kama tulivyolala mimi na wewe, miguu yake kichwani kwangu, na usingizi nisahau, maana ataniuliza kwa nini nimerudi, na hilo hata mimi nitakuwa bado nalitafuta.

Nisalimie shemeji, mwambie Mama Fukusi anakuja bila mifugo yake. Mama usimwambie lolote mpaka nifike, mwambie tu anitengee kunde nyeusi kidogo. Majirani wakiuliza, sema nipo likizo. Nakuombea mgongo upone.

Ni mimi, mdogo wako wa mgongoni.