Rula ya Mama Cherehani

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie kumkanya mume wangu maana mimi kanishinda. Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapa hapa barazani kwangu, na nina binti wa miaka saba mtundu kupita maelezo, juzi kakata kitambaa cha mteja, cha harusi Shangazi, eti anamshonea mwanasesere sketi, nikachukua rula yangu ya mbao nikamchapa viganjani, kama mama yangu alivyonichapa mimi na mbona nimekuwa mtu, lakini baba yake, dereva wa lori anayerudi mara moja moja, akaja juu, eti katika nyumba hii hapigwi mtoto, nikamwambia wewe unakuja na biskuti, unacheka naye, unaondoka, anayebaki na vita ni mimi, na sasa hatusemezani. Tena jana, sijui hata kama hili lina maana, nilimwita binti nimpime pindo la gauni la shule, nikanyanyua rula ile ile, mtoto akanyoosha viganja vyote viwili akafumba macho, wateja wakacheka, nami nikacheka, ila tangu hapo kushona hakuendi. Nani mwenye makosa, mimi au yeye?

Mama Cherehani

JIBU: Mama Cherehani, pole. Cha harusi! Hata mimi ningepandwa na hasira. Na mumeo aache kuwa mgeni wa biskuti. Kama hataki mtoto achapwe, akirudi naye amkanye, asikuachie ubaya wote. Mpe gazeti hili alisome.

Sasa zamu yako. Umenijazia barua kwa habari za mume, jambo lenyewe ukalibandika mwishoni kama kiraka. Usinizuge, mwanangu. Mtoto siku hiyo hakukosa lolote. Umemwita umpime, yeye akajua anaitwa kupigwa. Hilo limekuuma, na ndiyo maana cherehani imekugomea.

Rula ibaki ya kazi tu. Mwombe binti msamaha, kwa kifupi, bila vilio. Mpe kikapu chake cha mabaki ya vitambaa na mkasi butu. Akigusa cha mteja, mkasi unachukuliwa na yeye anaokota pini zote sakafuni, hata akinuna. Kisha mkabidhi hiyo rula, yeye ndiye akupime wewe, na akikosea mwache.

Gauni la shule lisubiri. Siku utakaponyanyua rula naye akasimama macho wazi, akikuchosha kwa maswali, mpime pindo siku hiyo.