Kreti za Mlangoni mwa Trela

Jumanne, 11 Juni 2019

Shemeji Fébronie kapiga simu tena. Kumaliza kilio cha kaka Polycarpe ni tarehe 22, Houston, kwa mama. Mwaka tangu afariki umeisha! Tutakwenda na RV ileile, lile gari-nyumba aliloendesha kaka siku ya ajali, anasema, na trela nyuma — viti, masufuria, vinywaji. Ila safari hii tununue kiungo cha maana cha kuvutia trela. Nichague mimi, maana mimi ndiye fundi wa ukoo. Fundi! Nikasema sawa.

Jumamosi, 15 Juni

Arlington, gereji ya Mwita. Mtu wa Tarime, maneno mengi. Katuonyesha kiungo chenye vyuma viwili virefu — vinasukuma uzito wa trela uende mbele, mkia wa RV usilale. Kuna vyepesi, vya kati, vizito. Vikizidi ugumu navyo balaa. "Nita-check kwanza kama RV yenu inaruhusu," kasema. "Mkia wake mrefu mno."

Kisha kauliza: siku ya ajali trela lilipakiwaje?

Shemeji akajibu: "Polisi walipofungua, kreti zote za soda na bia zilikuwa mlangoni, nyuma kabisa."

Mwita kapiga mluzi. Basi ndiyo maana lilicheza, kasema. Uzito ukikaa nyuma ya magurudumu, hata kiungo hiki hakikuokoi.

Shemeji, polepole: "Kumbe ni Polycarpe mwenyewe aliyelipakia hivyo."

Niliangalia viatu vyangu.

Jumapili, 16 Juni

Sijaenda misa. Niandike walau hapa. Asubuhi ile Polycarpe alikuwa kazini, kiwandani hapa Garland. Aliyepakia ni mimi! Walikuwa wanakwenda harusi ya binamu, na kwetu mgeni hakai bila kinywaji — kreti ndizo za kwanza kushuka. Basi nikaziweka mwisho, mlangoni. Nikafunga, nikaenda zangu kabla hajarudi, wala shemeji hakuniona. Wakiwa barabara kuu ya I-45 trela likaanza kuyumba. Akasimama pembeni akague. Lori likamgonga pale pale.

Nikipita nyuma ya RV namwona kaka kainama kwenye kile chuma cha kuvutia trela. Mchana kweupe. Naogopa.

Alhamisi, 20 Juni

Tumepakia kwanza, Mwita akapima uzito unaokaa kwenye kiungo. RV inaruhusu, vyuma vya kati vinatosha. Kreti nimezipanga mbele kwa mikono yangu. Shemeji akanisifu: "Laiti ungekuwepo siku ile!" Nikacheka. Nilicheka kweli!! Mungu wangu.

Jumamosi, 22 Juni. Houston

Trela halikuyumba hata kidogo. Njia nzima macho kwenye kioo.

Naandika ndani ya RV, nje ya ukumbi. Nimejifungia. Shemeji kawaeleza wote: Polycarpe alipakia vibaya, wenye matrela wajifunze. Mama akasimama. Akasema mwaka mzima alimchukia yule dereva wa lori — leo kamwachilia. Na mwanawe naye, kamsamehe uzembe wake. Watu wakapiga makofi.

Uzembe wangu! Kamsamehe marehemu kwa kosa langu.

Imebaki zamu ya mdogo wa marehemu, yaani mimi, kusema neno la mwisho. Baada yake mambo ya kifo hiki hayasemwi tena. Nimewaambia nafuata glasi. Hakuna glasi huku, ziko ukumbini.

Shemeji anagonga mlango. "Shemeji, mama kashika maikrofoni. Anasema haketi mpaka uje."