Kwetu Hatuna Kansa, Tuna Mguu

Jumanne. Jua limewaka tangu asubuhi, na vumbi la hapa Silanga limeingia mpaka kwa uji wa mtoto.

Nilianza kuandika hapa kwa simu nikiwa na mimba ya Barasa. Nilikuwa naandika vitu vya furaha: soksi ndogo nimepata soko la Toi, jina tutampa, vile anapiga teke nikiuza sukuma. Nikisoma zile za nyuma naona ni kama zimeandikwa na msichana mwingine.

Barasa sasa ana mwaka na nusu. Mwezi uliopita alitolewa jicho la kushoto. Kansa. Karatasi ya kukubali nilisaini mwenyewe, na jina langu likatoka limepinda kama la mtoto wa nasari. Jicho la kulia lina madoa madogo ambayo wanapigana nayo kwa dawa na kwa kuyachoma.

Leo kliniki ya macho walinipa majibu ya damu yetu, ya Barasa, yangu na ya baba yake: imetoka kwa baba, ingawa yeye mwenyewe hakuugua. Pamoja na majibu nikapewa kazi moja: nimwambie wifi yangu Nekesa alete binti yake apimwe macho. Zawadi ana miezi minne. Daktari alisema nisingoje mwisho wa mwezi.

Kazi ya mdomo tu. Nilifikiri itakuwa rahisi.

Mimi shule niliachia kidato cha pili, kwa hivyo nilimwambia daktari anieleze kama anamweleza mtu wa sokoni. Akasema kila kipande kidogo cha mwili kina breki mbili za kukizuia kisiote ovyo. Moja ikiharibika, nyingine inashika. Barasa alizaliwa na moja imekufa tayari, mwili mzima. Ya pili ilipokufa ndani ya jicho, uvimbe ukaota huko.

"Ilikuwa imekufa kwa jicho pekee yake?" nikauliza.

"Hapana, mama. Moja imekufa kila mahali. Utotoni jicho ndilo hupata shida kwanza. Akibalehe, tunachunga mifupa."

Akaniambia kitu ambacho nimekizungusha kichwani siku nzima. Kwamba ukifungua uvimbe wa mapafu wa wazee fulani, au wa kibofu, wakati mwingine unakuta breki iliyokufa ni hii hii. Wao iliwaharibikia ukubwani, Barasa alikuja nayo. Watu wa utafiti siku hizi hawaangalii tu kansa imeota wapi, wanaangalia nini kimeharibika, kwa sababu dawa ya mmoja inaweza kumfaa mwingine aliyeugua mahali tofauti kabisa. Nikawaza kuna mzee mahali anakohoa, sitamjua kamwe, na dawa inayotafutwa kwa ajili ya kifua chake inaweza kuwa ya mwanangu.

Hapo nilifurahi. Kweli nilifurahi.

Halafu akachukua karatasi. "Upande wa baba yake, nani alikufa na nini?"

Nikamwambia vile niliambiwa nilipoolewa. Baba mkwe alikufa na kifua. Daktari akaandika, akasema kwa huyo hawezi kujua, pengine ni sigara. Ndugu mdogo wa mume wangu alikufa na mguu akiwa na miaka kumi na tano, alipigwa teke kwa mpira, goti likafura, halikurudi. Huyo ndiye Barasa wa kwanza. Wangu alipozaliwa alilia siku tatu, na watu wa mume wangu wana desturi yao: mtoto akilia hivyo anatajiwa majina ya waliokufa, moja baada ya lingine, mpaka lile litakalomnyamazisha. Kukhu, mama mkwe, alimshika akayataja. Alipofika kwa Barasa, mtoto kimya. Tulipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

"Macho ya huyo ndugu yalikuwa sawa?" daktari akauliza.

Nikasema simjui. Kuna picha yake moja tu kwa ukuta wa kukhu, na ameangalia kando.

Daktari akaweka kalamu chini.

Nilitembea na miguu kutoka kliniki mpaka Kawangware kwa kukhu, mtoto mgongoni. Nilitaka muda wa kupanga maneno. Karibu na kwa kukhu kuna mama wa mahindi choma ambaye ananijua. Alipoona pamba kwa jicho la Barasa akaita kwa sauti, "Mama Barasa! Kumbe ni ukweli mliuza jicho?" Wateja wake wakacheka. Mmoja akasema wazungu wanalipa vizuri. Nilipita. Barasa aliwapungia mkono, kwa sababu yeye akisikia kicheko anajua ni cha kwake.

Kukhu alikuwa anachambua maharagwe mlangoni. Nekesa alikuwa nyuma ya nyumba akisuka mteja. Nikasema heri niseme na mzazi kwanza. Kwetu Kitui nimefunzwa hivyo, mama mkwe harukwi.

"Mama, daktari anauliza kama kuna mwingine kwa familia alikuwa na kansa."

"Kwetu hatuna kansa," akasema, bila kuinua kichwa. "Kwetu tuna mguu. Tuna kifua. Kansa umekuja nayo wewe."

"Damu imeonyesha ni ya upande wa baba."

"Damu inaongea siku hizi?"

Nikamuuliza moja kwa moja. "Mama, Barasa wa kwanza alikuwa na macho mawili?"

Mikono yake ikasimama ndani ya ungo. Mimi nimeishi na huyu mama miaka minne, sijawahi kuona mikono yake imesimama.

"Kuku alimdonoa," akasema.

Nikachutama karibu na ungo.

"Tulisema ni kuku alimdonoa. Walimtoa jicho akiwa mdogo kama huyu wako. La kuwekea lilikuwa la kioo, nilikuwa naliosha na maji ya chumvi." Akarudi kwa maharagwe. "Na wako nilimwona. Siku ile mlimleta hapa akiwa na miezi mitatu. Nilimgeuza kwa taa, jicho likarudisha mwanga kama la paka."

Miezi mitatu.

Wangu aligunduliwa na miezi kumi na sita. Jicho lilikuwa limejaa uvimbe.

"Mbona hukuniambia?" Sijui kama nilisema au nililia.

"Nikuambie ndio ufanye nini? Mimi nilisema. Nilikimbia naye hospitali, wakamng'oa, nikamlea kipofu wa upande mmoja, wakimtania kila siku, na bado mguu ukaja ukamchukua. Nilikupea mwaka mzima wa kucheza na mtoto, msichana. Mimi sikupewa."

Alisema kama mtu anayedai asante.

Nekesa alikuwa amefika kona ya nyumba na chanuo mkononi, Zawadi mgongoni. Sijui alisikia kutoka wapi. Nikamwambia yote haraka haraka, breki, damu, karatasi, na kwamba uvimbe ukikamatwa mdogo jicho linaweza kubaki. Nikatoa simu nikasema, "Hata saa hii tunaweza kumpiga picha na flashi. Macho ya kawaida yanatoka mekundu."

Kukhu aliruka kutoka kwa kigoda kama msichana, akafunika uso wa Zawadi na leso. "Usimpige! Umemaliza wako sasa unatafuta wangu?"

Nekesa naye akanigeukia. "Unataka sote tufanane na wewe, si ndio? Toka, Mama Barasa. Na hilo jicho lako la pamba."

Mteja wake, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, alikuwa anachungulia akitafuna mua.

Nilitoka. Nilishamalizana nao. Nilijiambia nimefanya kazi yangu, mdomo nimefungua, wabaki hivyo. Nataka kuwa mkweli hapa: kutoka kwa mlango wa kukhu mpaka barabara kubwa, niliwatakia mabaya.

Nilisikia ndala zikipiga mbio nyuma yangu. Nekesa, bila chanuo, bila leso ya mama yake. Hakusema pole. Alimfungua Zawadi mgongoni, akamshika kifuani akiangalia mbele, akaenda naye mpaka kivuli cha kibanda cha fundi wa milango ambacho kilikuwa kimefungwa.

"Piga."

Zawadi alinitabasamia. Nikapiga.

Tukainamia simu sote wawili, vichwa vikigusana. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu. La kulia lilikuwa jeupe, jeupe kama ndani ya ganda la yai.

"Hiyo ni flashi tu," Nekesa akasema. "Si ndio, wifi? Ni vile umeshika simu."

Nikapiga tena, kutoka upande mwingine. Jeupe.

"Si flashi," nikasema.

Sasa ndio nifike kwa kile kimenikalisha na hii simu jioni yote. Kabla sijamshika Nekesa, kabla machozi, kuna kitu ndani ya kifua changu kilikaa chini kikapumua. Sasa tuko wawili. Hakuna mtu atasema tena nilikuja nayo. Mtoto wa miezi minne ananitabasamia, na mimi nikapumua.

Halafu nikamshika. Tulilia hapo mpaka Barasa akaanza kunipangusa na mkono wenye makamasi.

Miezi minne si miezi kumi na sita. Hiyo nimejirudia mara nyingi. Nilimpigia nesi wa kliniki, akasema tufike kabla foleni haijawa ndefu. Nekesa amekubali. Kukhu hajui, na mume wangu nimemwambia, akaenda kukaa nje.

Kesho nitambebea Nekesa mtoto akijaza fomu. Wamtie dawa ya kupanua jicho, wamwangalie. Na daktari akitoka akisema hili limewahiwa, hili litabaki, nafasi ambayo jicho la wangu halikupewa, uso wangu utafanya nini mbele ya Nekesa?

Mungu, nisaidie nifurahi.