Igihozo Asikimbie Leo

Alhamisi, 9 Januari 2025

Nimedanganya kwa maandishi, tena nimetia sahihi. Igihozo ana kikohozi kidogo — cha moshi wa makala ya jikoni tu, kinakuja asubuhi na kuondoka na chai. Mimi nimeandika asma. Asma! "Naomba mwanangu asikimbie leo." Barua ya dispense, ya kumtoa michezoni, karatasi safi, mwandiko wa mshonaji mwenye mkono mtulivu.

Maître Jean-Bosco, mwalimu wa michezo, ameisoma mbele yangu. Nyuma yake Igihozo alikuwa anaruka kamba! Anahesabu kwa sauti, ameshapita themanini. Nilitamani ardhi inimeze. Maître alimtazama, akanitazama, akaikunja karatasi. Ana adabu kunishinda.

Saa ya michezo, kila Alhamisi, darasa la nne linatoka shuleni, linakwenda uwanja wa paroisse, kando ya kanisa, dakika kumi kwa miguu. Mwenye dispense anabaki kwenye benchi, ubavuni mwa ofisi ya Masera Émérance, mtawa aliye mkuu wa shule. Analinda mifuko ya wenzake. Ndiyo desturi yao. Sawa, akae. Pumzi ni kama makala: ukiyamaliza leo kwa kuchemsha maji ya bure, kesho utapikia nini? Siku ya kukimbia vita kweli inakuja, kila mtu hapa Goma anajua. Nataka imkute mwanangu na pumzi zake zote.

Ijumaa, 10 Januari

Kikohozi kimeisha. Nilipaswa kufurahi, nimekasirika nusu. Béata, jirani yangu, mama wa Élisée anayesoma darasa moja na Igihozo, amenicheka mpaka akakaa chini. "Mutoto wako anakohoaka tu mercredi mangaribi, Mama Igihozo. Ile kikohozi inajua horaire ya michezo!"

Jumatano jioni, mkesha wa michezo! Nimecheka pia. Kicheko cha mtu aliyeshikwa.

Jumatatu, 13 Januari

Duka langu liko Katindo, linatazamana na kambi ya jeshi. Wake wa wanajeshi ndio redio yangu. Leo amekuja mke wa kapteni kuchukua kitambaa chake. Nikamwambia bado sijakikata, mama, uje Jumamosi. "Unipatie tu vile iko." Hakunitazama machoni. Nje pikipiki inamngoja, godoro limefungwa nyuma. Godoro lililofungwa nalijua maana yake.

Nimekaa na mkasi mkononi bila kukata chochote.

Mwaka 2008 tulikimbia vita kutoka Rutshuru tukiwa watatu: mama, mimi, na Nyiramahirwe, mdogo wangu, miaka kumi. Alikuwa na kikohozi kidogo. Kidogo tu! Wiki nzima alikuwa amechota maji, amecheza, amefukuzana na mbuzi. Karibu na Kibumba akasema, nakaa kidogo nipumzike. Akakaa juu ya jiwe kando ya barabara. Watu wakatusukuma mbele, wengi, na vitanda, na ng'ombe. Tulipofaulu kurudi, lilikuwepo jiwe tu.

Ndiyo maana naandika barua. Wacha Béata acheke.

Alhamisi, 16 Januari

Barua ya pili. Na leo mvua! Mvua ya mawe hasa. Wenzake walijificha kanisani huko uwanjani, Masera alikuwa mkutanoni, na mwanangu yuko kwenye benchi chini ya bati linalovuja. Darasa lilikuwa wazi, hatua sita! Hakuingia. Alivua sweta lake akafunika mifuko. Amefika nyumbani amelowa mpaka kwenye soksi, meno yanagongana.

Nilimpigia kelele. Yeye akashangaa: "Maître alisema nisitoke kwa masakosi mpaka barudi. Sasa kama nilitoka, na mutu akaiba?"

Nikamkausha nywele. Halafu — Mungu wangu — nikamsifu. Nilimwambia vizuri, mwanangu, aliyekuambia kaa ndiye atakuambia inuka. Hata mimi nikikuambia kaa mahali, ukae, usimfuate mtu. Nilikuwa nawaza lile jiwe la Kibumba. Alinirudishia maneno yangu mara mbili, vizuri, kama sala.

Jumapili, 19 Januari

Mabomu upande wa Sake. Misa fupi. Padri anahubiri na sikio moja liko nje.

Igihozo anakohoa. Safari hii ni kweli.

Jumanne, 21 Januari

Minova imeanguka mikononi mwa waasi. Baba yake Igihozo amepiga simu kutoka Butembo: mutoke. Tutoke kwenda wapi? Barabara zote zimefungwa, nyuma yetu ni ziwa. Salio likaisha.

Jioni kwa Béata nimeona jambo. Élisée anacheza uani na mdogo wake. Anapiga filimbi kwa midomo, mara tatu, wanashikana mikono, wanaacha kila kitu chini na kukimbia mpaka ukutani. Tena. Tena. Nikauliza, mchezo gani huu? "Njo gymnastique yetu, mama. Filimbi tatu: unashika mwenzako, unaacha vyote, unakimbia paroisse. Mwenye anaachilia mukono, amekufa."

Nilivaa viatu nikaenda kwa Maître saa ile ile, mtaa wote wa Katoyi kwa miguu.

Hakukana. Tangu Desemba anafundisha hivyo, hakutaka kuogofya watoto wala wazazi. Wawili wawili, watoto thelathini na wawili. Bila Igihozo wanakuwa thelathini na mmoja, basi Prodige, ambaye ndiye mwenzake, anashika mkanda wa Maître mwenyewe. "Mama, miye nilijua haiko asma. Nilijua ni woga. Na miye niko na woga. Alhamisi umulete, asikose tena."

Kwa hiyo nilikuwa namnyima mwanangu kitu pekee ambacho kingemsaidia. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, ndiyo, lakini mimi nilimfunga wangu ubawa kwa mikono yangu. Nimeapa mbele ya Maître: Alhamisi atakimbia.

Jumatano, 22 Januari

Paji la uso lina joto. Si homa kubwa, ni joto. Kifua kinakwaruza akivuta hewa. Nimemkanda, nimempa tangawizi. Anasema anataka kukimbia na Prodige. Anakohoa katikati ya sentensi.

Nimeandika barua. Nimeichana. Nimeandika nyingine. Safari hii haina uongo ndani yake, na ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Alhamisi moja tu! Wiki ijayo atakuwa mzima, atakimbia, nitakwenda kumtazama mwenyewe.

Abaki nyumbani? Peke yake? Kesho asubuhi lazima nikatoe cherehani yangu Katindo kabla duka halijavunjwa. Shuleni angalau kuna watu.

Alhamisi, 23 Januari

Naandika paroisse. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa vitambaa. Naandika ili nisipige mayowe.

Asubuhi nilimwacha Igihozo shuleni na barua yake, nikaenda dukani. Saa nne vishindo vilikuja vikubwa, madirisha ya Katindo yakalia. Watu wa Sake wamejaza barabara, magodoro, mbuzi, wagonjwa kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma. Nilibeba cherehani kichwani mpaka rond-point, kwenye mzunguko wa barabara, halafu nikaiweka chini, nikaiacha. Ujumbe mmoja uliingia kabla mtandao haujakatika, wa Maître: "Niko na batoto paroisse. Bote wazima." Bote! Nikakimbia huku moja kwa moja. Sikupita shuleni. Alisema bote.

Wamekaa kwenye sakafu ya kanisa, wawili wawili. Wameshikana mikono bado, hakuna aliyewaambia waachilie. Prodige ameshika mkanda wa Maître kwa mikono miwili. Nilipita mstari mzima, nikarudi, nikapita tena.

Maître aliponiona alianza kuhesabu, midomo ikienda. Akafika thelathini na moja. Filimbi aliipiga uwanjani, wakakimbilia kanisani kama walivyozoea. "Bote" kwake ilikuwa wote waliokuwa uwanjani. Ameshika kichwa. Siwezi kumlaani. Barua ni yangu.

Mama mmoja aliyepita shuleni anasema madarasa ni matupu, Masera amewatoa watoto kwa mlango wa nyuma. Na kwenye benchi? Hakuangalia benchi. Nani ataangalia benchi la ubavuni leo? Labda Masera amemchukua. Labda.

Élisée amenivuta kitenge. "Mama Igihozo, aliuliza kama tutakawia. Nilimwambia tunarudi sasa hivi." Anataka nimwambie hakukosea. Nimemwambia hakukosea.

Nje wanajeshi wanakimbia na kupiga risasi hewani. Sentineli, mlinzi wa paroisse, amefunga lango, anasema hafungui mpaka wapite. Maître ameomba, mimi nimeomba. Tungoje kidogo, anasema. Kidogo! Dakika kumi kwa miguu.

Mifuko thelathini na miwili pamoja na wake. Namjua mwanangu. Atasikia mabomu, atalia, na hatainuka. Wa kumwambia inuka ni wawili tu, Maître na mimi, na sote tumefungiwa huku ndani.

Risasi zimepungua. Béata, aliyefika kabla lango halijafungwa, amemwacha Élisée kwa Maître, amekuja kunishika mkono wa kushoto. "Tunaenda bawili," anasema. "Hakuna kuachilia." Sentineli anatafuta ufunguo. Sasa ameupata, anautia kwenye kufuli —