Nilimwokea Keki ya Tende, Akajibu Ndiyo

Mshauri mpendwa,

Miaka yote nimekuwa nikisoma ukurasa wako huku nakunywa kahawa ya asubuhi na kuwacheka wanaokuandikia, nikisema hawa watu hawana majirani wa kuwauliza, na leo ni mimi nimeshika kalamu, kwa hiyo naomba unisaidie na tafadhali jina langu usilitoe, kwa sababu mji wetu ni mdogo, una kanisa moja, duka moja na midomo mingi.

Mimi ni mjane, mume wangu Lloyd alifariki zamani kidogo na maisha ya peke yangu nimeshayazoea, nina bustani yangu, nina kwaya, nina shoga yangu Ottilie ambaye haipiti siku hajaniletea umbea, na sikuwa na shida na mtu. Nyumba ya jirani ilikaa tupu mpaka mwaka jana alipohamia bwana mmoja anaitwa Aurèle, mstaafu wa reli, ametokea New Brunswick huko mashariki kabisa mwa Kanada, kwa wale wanaozungumza Kifaransa, mtu mpole, msafi, anayekokoa theluji mlangoni kwake halafu anakuja kukokoa na yangu bila kusema neno. Sasa mwanzoni mwa vuli baridi ya kwanza ilipopiga, tanuri langu la kupasha nyumba joto likazimika, fundi wa mjini akaniambia nisubiri wiki ijayo kama vile mimi ni gunia la viazi, Aurèle akasikia, akaja na boksi lake la vifaa, akashuka chini ya nyumba, akashinda huko mchana kutwa na kupanda juu uso wote masizi, na tanuri likawa linanguruma kama zamani. Nikamuuliza nimpe nini, akasema hataki kitu. Wewe ni mtu wa huku Saskatchewan, unajua kwamba mtu wa hivyo huwezi kumwacha hivihivi, unamwokea.

Nikamwokea keki ya ndoa. Si kitu cha kumtoa mtu jasho, hata mtoto anaweza, tende unazichemsha na maji kidogo na limau mpaka zinalainika unaziponda, halafu unachukua oti, hizihizi zinazolimwa nje ya mji, unachanganya na unga, sukari ya kahawia na chembe ya magadi, unafikicha na siagi kwa vidole mpaka inakuwa chenga, nusu ya chenga unaishindilia chini ya trei, tende unazipaka katikati, nusu iliyobaki unainyunyiza juu bila kuikandamiza, unatia kwenye oveni mpaka juu paingie rangi ya asali, unaacha ipoe kabisa ndipo unakata vipande. Wengine wanasema inaitwa keki ya ndoa kwa sababu bibi zetu waliitoa harusini, wengine wanasema ni kwa sababu chini inakwaruza, juu inakwaruza, na utamu uko katikati, lakini kusema kweli hakuna anayelifikiria jina hilo, kwetu ukisema ndoa mbele ya sahani mtu anasikia tende.

Na unajua pia kwamba trei zetu zote zimenunuliwa duka lilelile, kwa hiyo kila mwanamke anabandika ubavuni utepe wa gundi na kuandika kilichomo na jina la mwenye trei. Mimi huongeza neno la tatu, kwa sababu watu wa mji huu wanakaa na trei ya mtu mpaka wanasahau kama waliazima. Kwa hiyo nikaandika kama ninavyoandika siku zote: NDOA. VELMA. USICHELEWESHE. Nikaiweka mlangoni kwa Aurèle, nikabisha, nikaenda zangu maana nilikuwa nawahi kwaya.

Wiki nzima sikumwona. Nikamwambia Ottilie, kumbe na Aurèle naye ni walewale wa kukaa na trei. Halafu Jumamosi akabisha, nywele zimelowa maji na kuchanwa, shati limepigwa pasi hadi mikono, kashika trei yangu kwa mikono miwili.

“Velma, nimeisoma,” akasema, na siku zote kabla ya hapo alikuwa akiniita Bibi Velma. “Nimekaa nayo nikaifikiria vizuri, ndiyo maana nimechelewa, unisamehe. Jibu langu ni ndiyo.”

Mimi nikadhani anazungumzia trei.

“Vizuri,” nikamwambia, “maana naihitaji kabla ya karamu ya kanisa.”

“Kabla ya karamu?” Akafikiri kidogo. “Ni karibu, lakini kama wewe uko tayari mimi sina kipingamizi. Dada yangu nimeshampigia simu. Anauliza avae rangi gani.”

Hapo ndipo nikautazama ule utepe. Mshauri, nimeliandika neno hilo tangu nikiwa msichana, na sijawahi hata siku moja kulisoma. Kumbe kule kwao mashariki keki hiyohiyo wanaiita vipande vya tende, basi, hakuna ndoa wala nini, na yeye hakuwahi kusikia jina letu. Nikasema karibu ndani. Na trei haikurudi tupu, ameshaijua desturi yetu hiyo, alikuwa ameoka vipande vya tende mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani, akaishindilia chenga ya juu kwa nguvu kama ya chini, ikatoka ngumu kama kigae, tukailoweka kwenye kahawa tukala, mimi nilikula vipande viwili, na muda wote huo nilikuwa najiambia nikimaliza kikombe hiki nitamwambia, na kikombe kikaisha, nikamwongezea yeye, nikajiongezea na mimi.

Nilipomweleza Ottilie alicheka mpaka akaweka birika chini. Akaniambia, “Si uolewe tu, mwenzangu? Umeposa, umekubaliwa, unalalamika nini?” Nikamwambia mimi sikuposa mtu, mimi nilikuwa nashukuru kwa tanuri. Akasema basi ajabu, watu wengine wanashukuru kwa kadi.

Sasa shida yenyewe ni hii. Karamu ya mavuno ni Jumapili ya wiki ijayo, pale ukumbi wa kanisa, na Ottilie ndiye msimamizi wa meza ya vitamu, na Aurèle ameahidi kuja mapema kusaidia kupanga meza. Wanawake wote watakuja na keki hiyohiyo kama kila mwaka, na kila trei itakuwa na utepe ubavuni, ndoa ya Hilda, ndoa ya mama mchungaji, ndoa ya Bibi Thorsby ambaye ana miaka tisini na meno mawili, na Aurèle atasimama pale na sahani mkononi asome moja baada ya nyingine, aelewe yote mbele ya mji mzima. Nilimwomba Ottilie awaambie wanawake mwaka huu waandike TENDE, akasema watauliza kwa nini, na kuwaeleza ni sawa na kupanda mimbarini.

Nikimwambia nitamwaibisha, mtu ambaye hajanikosea lolote, na pengine atahama tena. Nikinyamaza nitaolewa kwa kosa la utepe. Juzi alikuja kuziba dirisha la jikoni maana aliona linaingiza baridi, nikamkaangia mayai, na kesho yake nikajikuta nimeweka mezani vikombe viwili na wala hakuwa amesema atakuja. Trei iko juu ya friji. Utepe sijaubandua kwa sababu gundi yake ni ngumu. Nisaidie haraka, sipati usingizi.

Mwenye Trei

*

Mwenye Trei,

Ukimwomba mtu asilitoe jina lako, usiliandike kwa herufi kubwa katikati ya barua. Nimelibadilisha, na la jirani yako, na la shoga yako. Jibu hili nakutumia kwanza kwa posta. Gazetini litatoka karamu ikiwa imepita, maana sitaki mtu mzima apate habari zake kwenye ukurasa wangu, kama ambavyo sitaki azipate kwenye meza ya keki.

Nimecheka, sikufichi. Mhariri alikuja kuuliza kuna nini. Kisha nikaisoma tena barua yako na kicheko kikaisha, kwa sababu nilimwona yule bwana amekaa na trei yako wiki nzima anafikiri. Alipiga pasi shati. Alimpigia dada yake. Alioka, mtu ambaye hajawahi kuoka. Huyo hajafanya kosa lolote. Aliletewa mlangoni maneno matatu yaliyo wazi kabisa, akayajibu kwa adabu kuliko wanaume wengi ninaowajua.

Aliyekosea ni wewe, na kosa lako si utepe. Utepe ni bahati mbaya, ingeweza kunipata hata mimi, maana huwa naandika NDOA kwenye trei zangu na kumpelekea yeyote aliyefiwa. Kosa lako ni kwamba ulielewa, halafu ukaongeza kahawa. Pole, najua ulishtuka. Lakini mshtuko ni wa kikombe cha kwanza. Cha pili ulijimiminia mwenyewe, mama.

Halafu kuna jambo unanificha, au unajificha mwenyewe. Umenieleza jinsi ya kuchemsha tende na jinsi ya kufikicha siagi, mambo ninayoyajua tangu utotoni, na sijaona popote ulipoandika kwamba humtaki. Nimetafuta. Nimevaa na miwani. Nimeona theluji aliyokukokolea, nimeona mayai, nimeona vikombe viwili siku ambayo hakuna mgeni. Nimeona na utepe ambao eti gundi yake ni ngumu. Mwanamke aliyeosha trei maisha yake yote! Maji ya moto na kitambaa, unatoka wenyewe. Hujaubandua kwa sababu hutaki ubanduke.

Hata hivyo sikuruhusu unyamaze, na Ottilie mwambie nimesema hivyo. Watu wawili hawawezi kuanza maisha mmoja anajua kilichotokea na mwingine hajui. Atajua tu, kama si Jumapili basi siku nyingine atakapoalikwa chai na kuletewa sahani. Na akijua kwa njia hiyo, hatajali watu wanaomcheka. Atajiuliza kama ulimchukua kwa kumwonea huruma, na swali hilo litakaa naye mezani kila siku, na wewe hutaweza tena kulifuta. Hilo ndilo la kukukosesha usingizi.

Kwa hiyo fanya hivi. Jumamosi, siku moja kabla ya karamu, mwite jikoni kwako asubuhi. Mwambie unamfundisha kuoka, na si uongo, maana anahitaji kufundishwa. Yeye afikiche chenga, wewe ukoroge tende. Mtu mwenye siagi mpaka viwikoni hawezi kuondoka kwa hasira, itabidi kwanza anawe, na hapo utakuwa umeshasema. Sema kwa mpigo, bila kuzunguka: kwetu keki hii inaitwa keki ya ndoa, niliandika jina lake tu, sikuwa nakuposa, na nilipaswa kukwambia siku ileile. Usianze wewe kucheka. Akicheka, cheka naye. Akinyamaza, mwache anyamaze, endelea kukoroga zisiungue. Kisha mwonyeshe kwamba ya chini inashindiliwa na ya juu inaachwa.

Trei ikishaingia kwenye oveni hakuna kazi iliyobaki ya kujifichia. Kaa chini. Kama humtaki, mwambie hapohapo, kwa upole na kwa maneno machache, na usimkaangie mayai tena. Kama unamtaka, muulize. Kwa mdomo, ukimtazama. Alishajibu swali ambalo hukuliuliza, sasa anastahili kuulizwa lenyewe, na ana haki ya kufikiri upya, hata kama itamchukua wiki nyingine na shati lingine. Huenda akasema hapana. Ukiogopa hilo, basi umeshajua unachokitaka, na barua yako hukuhitaji kuniandikia.

Jumapili nendeni pamoja, yeye abebe trei. Atakapoiona meza nzima imejaa ndoa, mpaka ya yule bibi wa meno mawili, awe wa kwanza kucheka, kwa sababu atakuwa anajua. Ottilie afunge mdomo mpaka Jumatatu. Najua namwomba mengi.

Na trei hiyo ya Jumapili ibandike utepe mpya, uandike vilevile kama ulivyozoea, usibadili hata herufi. Ila safari hii usome kabla ya kubandika. Neno la tatu ndilo ushauri wangu wote.

Mshauri wako