Kuumbiza si Kuumba

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa mpwa wangu Kijiko,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, mumeo na mtoto hamjambo huko ng'ambo, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Goti langu hulalamika ninapopanda ngazi, lakini mama yako hulalamika zaidi yake, kwa hiyo silisikii sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Uliandika: "Siku bibi alifariki sikuweza kuja, na sasa naanza kuisahau sauti yake." Sahihi ni "siku bibi alipofariki". Sehemu iliyobaki haina kosa, nayo ndiyo iliyonikosesha raha. Ukaomba nikutumie yale maneno aliyokuachia, niliyoyarekodi kwa simu yangu.

Sasa nakiri kosa langu. Nilipoitafuta sauti hiyo, simu iliandika kwamba kadi ya kumbukumbu, ambayo mama yako huiita memori, ina hitilafu. Ikauliza: "Ungependa kuiumbiza?" Miaka thelathini na minne nimefundisha mnyambuliko wa vitenzi. Nikachambua: umba, umbia, umbika, umbiza. Kitu kimeharibika, basi kifanywe kiumbike upya. Nikabonyeza "Ndiyo" kwa kujiamini kabisa. Kadi ikarudi tupu.

Mama yako alikaa chini kwanza. Kisha akasema, "Kaka, mtu asiyejua kusoma angeuliza! Wewe ukaanza kunyambua!" Tangu siku hiyo, nikiomba chumvi mezani, ananiuliza kama aiumbize kwanza.

Ndiyo maana nilichelewa kukujibu. Ningekuambia nini?

Jumatatu niliipeleka kadi kwa fundi wa simu, mwanamke mwenye chumba chembamba kando ya duka la viatu. Hakucheka. Aliuliza, "Mzee, baada ya hapo ulipiga picha au kurekodi chochote?" Nikamwambia niliitia kadi katika bahasha, sikuigusa tena. "Hapo umeokoka," akasema. "Kuumbiza, yaani kufomati, kunafuta orodha tu. Vitu vyenyewe vinakaa palepale mpaka uandike vingine juu yake." Nikamwelewa mara moja: ukurasa wa yaliyomo umechanwa, lakini sura zingali zipo.

Aliichomeka kadi kwenye kompyuta, akahakikisha haiandikwi kitu, na kila alichokiokota alikihifadhi mahali pengine. Kufikia adhuhuri alikuwa na vipande sitini na kimoja vya sauti, vyote bila majina. Tukavisikiliza kimoja kimoja. Tulisikia hotuba yangu ya kustaafu (fundi alipiga miayo, wala sikumlaumu), mama yako akigombana na mshona mapazia, na dakika nane za mfuko wa koti langu. Vipande viwili vilikwaruza tu, nami nikaanza kukata tamaa. Katika cha arobaini na tatu, mtu akakohoa. Nilimjua mama yangu kwa kikohozi.

"Kijiko, mjukuu yangu," anasema. Hapo inaingia sauti yangu: "Mama, ni 'mjukuu wangu'." Naye anajibu, "Wewe nawe! Huyu ni yangu. Hata wewe ni yangu, kaa kimya nimalize." Kisha anakuambia: "Siku yangu ikifika, usikimbizane na ndege. Kaa na mwanao, mle, mlale. Mimi nilishakutazama nikashiba."

Kwa hiyo, mwanangu, hukumkosea. Alikuruhusu mapema, kwa kinywa chake mwenyewe.

Fundi aliniuliza kama akate pale nilipoingilia. Nikamwambia apaache kama palivyo.

Nakala moja nimeituma kwenye simu yako. Nyingine imo katika kadi mpya ndani ya bahasha hii. Ikikuuliza lolote, bonyeza "Hapana".

Mama yako anakusalimu, anasema umpigie Jumapili. Mama mdogo naye anakusalimu, na anataka picha ya mtoto akiwa amesimama. Msalimie mumeo. Mtoto umsikilizishe ile sauti, amjue bibi wa mama yake.

Mungu akutunze utokapo na urudipo, Kijiko, mpwa yangu. Ndiyo, nimeandika hivyo makusudi.

Akupendaye hata anapokusahihisha,
Mjomba wako